Si Simu Yako Mbaya: Historia ya MB 16

Wasee, kuna hukumu moja inayotolewa kila siku kwenye vibanda vya simu, kuanzia Londiani hadi Kericho mjini, na mimi sijawahi kuikubali. Programu ikijizima, fundi anaigeuza simu, anaiangalia mgongo, halafu anatangaza: hii imechoka, tafuta ingine. Basi. Hakuna swali la pili. Mtu anarudi nyumbani akihesabu bonasi ya majani chai ambayo bado haijaingia, akiwaza atatoa wapi elfu kumi.

Leo nataka kubisha, na nitabisha kwa historia. Kwa sababu mara nyingi simu haina makosa. Kuna mpaka uliowekwa ndani yake na mtu fulani, mwaka fulani, kwa sababu fulani, halafu kuna mtu mwingine aliyeandika programu bila kujali huo mpaka. Ukijua ni mpaka gani umegongwa, utajua kama unahitaji simu mpya au unahitaji msanidi mwenye adabu.

Tukubaliane kwanza kwa maneno, maana hapa ndipo watu huliwa pesa. Simu ina nafasi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kuhifadhi: picha, nyimbo, video za harusi, zile zinazobaki hata ukizima simu. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi, RAM, ambayo programu huitumia ikiwa imefunguliwa na ambayo husahau kila kitu simu ikizimwa. Ghala na meza. Ukinunua memori kadi umeongeza ghala, lakini meza imebaki vile ilivyokuwa. Nimeona watu wakinunua kadi kubwa ili programu iache kujizima. Haiachi. Kadi haijakosa kitu, ila ugonjwa uko kwingine.

Ilianzia kwa chai

Hii sehemu sisi watu wa nchi ya chai tunafaa kuijua kwa moyo. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikuwa ya benki wala ya jeshi. Ilikuwa ya J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyouza chai na keki kwenye mikahawa yake. Iliitwa LEO, na Novemba 1951 ilianza kupiga hesabu za kiwanda chao cha mikate na keki. Kufikia 1954 ilikuwa ikishughulikia pia maagizo ya kila siku ya ile mikahawa. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki, na zote pamoja zilibeba maneno ya kompyuta 2,048 tu. Ujumbe mrefu wa leo wa kikundi cha harusi unaweza kuijaza mirija yote ile.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza swali lilikuwa lile lile: kazi ni kubwa, meza ni ndogo, nani atapata nafasi?

Mwaka 1967, watu wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walijibu kwa ujanja mpya. Mfumo wao, CP-40, uliigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe 14. Kila mtumiaji aliona kama ana kompyuta yake peke yake, yenye kumbukumbu ya KB 256. Sasa piga hesabu: 14 mara 256 ni KB 3,584. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa System/360 Model 40, ambayo mwisho wake kabisa ni KB 256. Yaani waliahidi mara kumi na nne ya walichokuwa nacho! Ilifaulu kwa sababu si kila mtu hutumia nafasi yake yote kwa wakati mmoja, na kisichotumika kinaweza kuwekwa kando kwenye diski kisha kirudishwe. Mwaka 1972 IBM ikaitoa kama bidhaa rasmi, VM/370.

Shika hilo wazo kwa sababu ndilo liko mfukoni mwako sasa hivi. Mashine pepe ni ahadi. Na kila ahadi ya kumbukumbu ina mahali ambapo mtu ataambiwa: hapo pametosha.

Kijiji cha wavuvi ndani ya simu

Turuke hadi 2008. Oktoba mwaka huo simu ya kwanza ya Android, G1, ilianza kuuzwa Marekani ikiwa na RAM ya MB 192. Ndani yake kulikuwa na mashine pepe iitwayo Dalvik, kazi ya Dan Bornstein, aliyeipa jina la kijiji cha wavuvi huko Iceland. Napenda sana hilo. Kijiji kidogo cha wavuvi kimeingia kwenye simu za dunia nzima, na wengi wetu hatukujua.

Dalvik ilifanya uamuzi mmoja uliobadilisha kila kitu: kila programu iendeshwe kwenye mchakato wake yenyewe, na kila mchakato upate mashine pepe yake. Programu moja ikianguka, nyingine zinaendelea. Moja ikiwa na tamaa, haiwezi kuingia kwa jirani kuchungulia siri zake. Ili meza isijae nakala za vitu vile vile, walitengeneza mchakato mama uitwao Zygote, unaopakia mapema vitu ambavyo programu zote huvihitaji. Programu mpya inazaliwa kutoka kwa huyo mama na kuvitumia vile vile bila kuvinakili, mpaka ihitaji kubadilisha kitu ndipo ipewe nakala yake.

Halafu wakaweka mpaka. Mwongozo wa Android wa enzi hizo uliwataka watengenezaji wa simu zenye skrini za kiwango cha chini au cha kati waipe kila programu angalau MB 16. Zile zenye skrini kali zaidi, MB 24. Kwenye G1 ilikuwa MB 16 hasa.

Ukiwa umewahi kuchuma majani unaelewa mara moja. Kila mchumaji ana kikapu chake. Kikapu kikijaa, kimejaa. Haijalishi lori liko tupu pale kituo cha kununulia, na haijalishi kikapu cha jirani kina majani mawili. Huwezi kuendelea kurundika, yatamwagika. MB 16 ndicho kikapu. MB 192 ndilo lori. Msanidi aliyetazama lori na kusahau kikapu alijikuta programu inakufa huku simu ikiwa bado na nafasi, na hakuelewa kwa nini.

Ideos inafika kwetu

Huku Kenya, hadithi inaanza kwa simu moja ndogo. Kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, Safaricom ilianza kuuza Huawei Ideos kwa kama shilingi 8,000. Wakati huo simu janja ilikuwa kitu cha bosi wa Nairobi. Ripoti za mwaka 2011 zilitaja zaidi ya simu 350,000 zilizouzwa hapa nchini. Wengi wenu mnaosoma hii, Android ya kwanza mliyoigusa ilikuwa Ideos ya kaka, ya shangazi, au ya mwalimu.

Haya yalikuwa maumbile yake: Android 2.2, RAM ya MB 256, skrini ya pikseli 240 kwa 320, na kamera ya megapikseli 3.2. Angalia vizuri hizo namba mbili za mwisho, kwa sababu zilikuwa na ugomvi.

Picha ya kamera ile ilikuwa na pikseli 2,048 kwa 1,536. Zidisha: pikseli 3,145,728. Kwenye kadi, faili la picha hiyo lilikuwa dogo kwa sababu JPEG inabana. Lakini simu haiwezi kuonyesha kitu kilichobanwa, lazima ikifungue. Ukiifungua kwa rangi kamili, kila pikseli inakula baiti 4. Zidisha tena: baiti 12,582,912. Hiyo ni MB 12 kamili.

Picha moja, MB 12. Kikapu ni MB 16, na tayari kina vitufe, maandishi na programu yenyewe ndani. Fungua picha ya pili, umekwisha.

Ujumbe uliobaki kwenye daftari la matukio la simu, ambalo wasanidi hulisoma kwa zana iitwayo logcat, ulikuwa maarufu kote duniani. Kwa Kiswahili ni kama kusema: ukubwa wa picha umezidi bajeti ya mashine pepe. Bajeti ya mashine pepe, si ya simu. Jibu lilikuwa limeandikwa pale pale, lakini mwenye simu hakuliona. Yeye aliona tu kisanduku cha kuomba radhi kwamba programu imesimama ghafla, na kitufe cha kuifunga kwa nguvu. Akaenda kwa fundi, na fundi naye akaitangaza imechoka. Simu ya miezi miwili!

Dawa ilikuwa hesabu

Sasa sikiliza utamu wa hii kitu. Skrini ya Ideos ilikuwa pikseli 76,800 tu. Kwa baiti 4 kila moja, ni KB 300. Yaani programu ilibeba MB 12 ili kuonyesha KB 300. Ni kama kukodi lori la tani kumi kupeleka kilo moja ya majani kituoni.

Android ilikuwa na dawa tangu zamani. Msanidi angeweza kuuliza kwanza vipimo vya picha bila kuifungua, halafu aombe ifunguliwe ikiwa imepunguzwa. Ukipunguza upana mara nne na urefu mara nne, unapata 512 kwa 384, ambayo bado ni kubwa kuliko skrini nzima. Kumbukumbu inashuka mara kumi na sita: kutoka MB 12 hadi KB 768. Macho hayaoni tofauti yoyote kwenye skrini ile. Dawa ya pili: tumia rangi za baiti 2 kwa pikseli, nusu ya gharama. Ya tatu: picha ambayo haionekani tena kwenye skrini, iachilie. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji simu mpya. Zote zinahitaji mtu aliyekaa chini akapiga hesabu.

Na pia mfumo wenyewe ulimruhusu msanidi kuuliza: hapa kwenye simu hii, kikapu changu ni cha megabaiti ngapi? Jibu lilitoka kwa simu yenyewe. Baadaye, Android 3.0 ya mwaka 2011 ikaongeza uwezo wa kuomba kikapu kikubwa zaidi kwa programu zenye kazi nzito kweli. Wengi wakaomba hata bila kazi nzito. Binadamu ni binadamu.

Vifo vitatu, majina matatu

Kuna kifo cha pili ambacho ni lazima ukitofautishe na cha kwanza, na bado kinatutesa hadi leo.

Tuseme unajaza fomu kwenye simu. Unafika mahali wanapotaka namba ya siri iliyotumwa kwa SMS. Unatoka, unasoma SMS, unarudi. Fomu iko wazi kama haijawahi kuguswa. Jina, kitambulisho, kata, lokesheni, vyote vimeenda. Mimi imenitokea nikijaza ombi la masomo kwa taasisi moja, mara tatu kwa jioni moja, na bando ikaisha.

Hapo hakuna programu iliyozidi kikapu chake, na ndiyo maana hutaona ujumbe wowote wa kosa. Kilichotokea ni kwamba lori lenyewe lilijaa. Android ina mnyongaji wake: kumbukumbu ya simu nzima ikipungua, anatafuta programu zilizo nyuma ya pazia na kuzimaliza kimya kimya, akianza na zile zisizo muhimu sana kwa wakati huo. Ulipofungua SMS, fomu yako ilikuwa nyuma ya pazia. Ikaondolewa ili wewe usome SMS. Kwa mfumo, hiyo ni kazi nzuri iliyofanywa vizuri. Kwako ni jioni iliyopotea.

Mfumo humpa msanidi nafasi ya kuhifadhi rasimu pale mtu anapotoka kwenye ukurasa. Ni mistari michache tu ya msimbo. Fomu ikifutika kwa sababu ulisoma SMS, kuna mtu hakuiandika hiyo mistari, na mzigo wake ukaubeba wewe.

Kifo cha tatu ni kile cha ghala: simu inakwambia wazi kwamba nafasi ya kuhifadhi haitoshi. Hiki peke yake ndicho kinachoponywa kwa kufuta video au kuhamishia picha kwenye kadi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, jiulize. Programu inajizima ukiwa ndani yake, ukifanya kitu kile kile, kama kufungua picha? Inanuka kikapu, na kosa huwa mara nyingi la programu. Inaanza upya kila ukitoka kidogo na kurudi? Lori limejaa: funga zingine, lakini pia mlaumu aliyekosa kuhifadhi rasimu yako. Simu inalia nafasi? Fagia ghala. Maswali matatu tu, na ni ya bure.

Ugonjwa ule ule, seva kubwa

Mtu ataniambia: hayo ni mambo ya zamani, Dalvik ilishakufa. Kweli. Android 5.0 mwaka 2014 iliiondoa na kuweka ART. Tangu Android 8.0 ya 2017, pikseli za picha hazihesabiwi tena ndani ya kikapu kile. Mwaka 2018 zikaja simu za kwanza za Android Go, zilizotengenezewa RAM ya GB 1 au chini. Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, na mtu akaweza kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku. Meza zimekua, sibishi.

Lakini mpaka haujaondoka. Umehama tu, na umewafuata hata wakubwa. Kwenye seva siku hizi, programu nyingi huishi ndani ya kontena, lililo ndani ya mashine pepe, iliyo ndani ya kompyuta halisi. Java, ambayo yenyewe ni mashine pepe, kwa kawaida hujitengea robo ya kumbukumbu inayoiona. Kwa miaka kadhaa Java 8 ilipowekwa kwenye kontena haikuuona ukuta wa kontena. Iliona mashine nzima. Mashine ikiwa na GB 64, Java inajiambia: robo yangu ni GB 16. Kumbe kontena limepewa GB 1. Inajaza, inavuka, na kerneli ya Linux inaikata shingo bila onyo. Kinachobaki ni namba ya kutokea, 137: yaani 128 ukiongeza 9, na 9 ni ile ishara ya kuua isiyokatalika. Ilirekebishwa kwenye Java 10, Machi 2018, kisha Java 8 nayo ikapata dawa hiyo Oktoba mwaka huo.

Unaona? Msanidi wa Ideos alitazama lori akasahau kikapu. Java ya kampuni kubwa nayo ilitazama lori ikasahau kikapu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewaambia wenye seva kwamba mashine yao imechoka, wanunue ingine. Wao walipewa marekebisho. Sisi wa simu za elfu nane tuliambiwa tununue.

Msimamo wangu

Hapa ndipo napandisha sauti. Siku hizi huduma zimehamia kwenye simu: maombi ya shule, mikopo, vyeti, hata ushauri wa shamba. Programu ikishindwa kwenye simu ya bei ya chini, hiyo ni ofisi imemfungia mtu mlango. Na watu wanaofungiwa ni wale wale: mama anayechuma majani huko juu, kijana wa bodaboda pale stage, mzee aliyeachiwa simu ya zamani na mtoto wake.

Msiniambie haiwezekani. Programu ya Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na FAO na IITA, inatambua ugonjwa wa muhogo kwa kamera ya simu ya Android bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Kazi ya kutambua jani gonjwa inafanyika ndani ya simu, kwenye kumbukumbu ile ile inayolalamikiwa. Walichagua modeli nyepesi makusudi kwa sababu walijua mkulima ana simu gani. Kama jani la muhogo linaweza kusomwa hivyo, fomu ya kurasa mbili inashindwa na nini?

Kwa hivyo ninyi mnaosomea programu, na najua mko wengi hata huku ridge zetu, fanyeni jambo moja. Tafuteni simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa sokoni mwenu, na iwe ndiyo ya kwanza kujaribia kazi yenu, si ya mwisho. Ulizeni kikapu ni kikubwa kiasi gani kabla ya kukijaza. Toka kwenye fomu yako, soma SMS, rudi uone kama maandishi yako bado yapo. Kama hayapo, hujamaliza kazi.

Na ninyi mafundi, wandugu, nawaheshimu kwa sababu mmetuokolea simu nyingi. Ila kabla hujasema imechoka, uliza mteja programu ilikuwa inafanya nini ilipokufa. Swali hilo moja linaweza kumbakishia mtu elfu kumi mfukoni. Hapa kwetu hizo ni kilo nyingi sana za majani.